Daftari Kabla ya Kura: Mwongozo kwa Mwanachama wa Chama cha Intaneti

Oktoba 2000, Afrika nzima ilipiga kura 130. Haukuwa uchaguzi wa kijiji. ICANN, shirika lisilo la faida lenye makao yake California na linaloratibu majina na namba za intaneti duniani, lilikuwa limewaita watumiaji wa kawaida wachague wakurugenzi watano, mmoja kwa kila kanda. Asia na Pasifiki walipiga kura 17,745, Ulaya 11,309, Amerika ya Kaskazini 3,449, Amerika ya Kusini na Karibiani 1,402. Sisi, kutoka Cairo hadi Cape Town, 130. Nusu yake na moja juu ni 66: abiria wa basi moja la mkoani, pamoja na wale wanaoketi kwenye ndoo katikati ya njia. Kiti kilikwenda kwa Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa waliotangulia kuiingiza intaneti Afrika Magharibi, kwa hiyo kwa upande wa mtu hatukupata hasara. Lakini kiti cha bara zima kilichoweza kuamuliwa na basi moja kingeweza kuchukuliwa na yeyote mwenye nauli ya kulikodi.

Ukifuata jinsi watu walivyopotea njiani, utaelewa zaidi. Kwanza ulijaza fomu kwenye tovuti. Kisha ulisubiri barua ya posta, bahasha ya kweli yenye namba ya siri ndani, isafiri hadi ilipo anwani yako. Kwa mtu wa Berlin anwani hiyo ni tundu la mlangoni kwake. Kwa mtu wa Mwanza au Kisumu wa miaka ile, anwani ilikuwa mara nyingi S.L.P. ya ofisi, ambayo ufunguo wake anao tarishi, naye huenda posta siku anazotumwa. Bahasha ikifika, ulirudi kwenye tovuti ukaingiza ile namba ili uanachama wako uwe hai, na baada ya hapo ndipo ukasubiri kura. Duniani kote waliojaza fomu walikuwa kama 158,000. Waliofika hatua ya kuingiza namba walikuwa kama 76,000. Waliopiga kura walikuwa 34,035. Zaidi ya nusu ya walioomba walidondoka kabla hawajasikia hata sera ya mgombea mmoja, na hakuna aliyewaibia kura. Utaratibu wa kuandikishwa ndio uliowachuja.

Hoja ya mwongozo huu imejengwa hapo. Uchaguzi wa chama cha intaneti huamuliwa kwenye daftari la wanachama, wiki na miezi kabla ya siku ya kura. Ukitaka kuwa na sauti, anza na daftari. Ukitaka tawi lako lisitekwe, anza na daftari. Na ukishindwa uchaguzi kisha ukalalamikia hesabu ya kura, kuna uwezekano mkubwa kwamba umelalamikia mahali pasipo na kosa.

Kwa nini ujisumbue

Kwa macho ya wengi chama cha intaneti ni semina, chai ya saa nne na fulana yenye nembo. Uongozi wake unaonekana ni cheo cha kuandika kwenye wasifu tu. Fikiria basi kilichotokea Internet Society, ambayo wanachama wake huiita ISOC. Ilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Vint Cerf na Bob Kahn, wabunifu wa itifaki zinazoiendesha intaneti hadi leo. Kupitia taasisi yake iitwayo Public Interest Registry, ISOC ndiyo inayosimamia majina yote yanayoishia na .org. Majina hayo ni zaidi ya milioni 10, na yanatumiwa na mashirika ya misaada, jumuiya za kidini, vyama vya wakulima na wanaharakati wa kila nchi. Novemba 2019 ilitangazwa kwamba taasisi hiyo inauzwa kwa Ethos Capital, kampuni ya uwekezaji, kwa dola bilioni 1.135. Waliokubali mauzo walikuwa wadhamini wachache waliokaa kwenye bodi. Wanachama wengi walizipata habari pamoja na dunia yote. Ilibidi zipite miezi ya kelele, barua ya Mwanasheria Mkuu wa California, na mwisho ICANN kukataa kutoa idhini tarehe 30 Aprili 2020, ndipo biashara ile ikafa.

Hapo ndipo inapoanguka hoja ninayoisikia kila mara, kwamba vyama hivi ni vya mafundi na asiyejua namna pakiti za data zinavyosafiri hana la kuchagua. Kuuza au kutouza .org halikuwa swali la ufundi. Lilikuwa swali la nani ana haki ya kupandisha bei ya jina ambalo hospitali ya misheni imelitumia kwa miaka 20. Mwalimu, mhasibu, mwandishi wa habari na mwanasheria wana ya kusema hapo sawa na mhandisi, pengine zaidi yake. Mhandisi tutamhitaji kwenye kamati ya ufundi. Kwenye bodi tunahitaji watu wanaoogopa kuulizwa na wanachama.

Jua unampigia nani kura

Kosa la kwanza la wanachama wapya ni kudhani kwamba kujiunga na ISOC, ambako kwa mtu binafsi ni bure, kunakupa kura ya kumchagua mdhamini wa bodi ya dunia. Hakukupi. Bodi ile hujazwa kwa njia tatu: sehemu ya wadhamini huchaguliwa na matawi, sehemu na mashirika wanachama, na sehemu huteuliwa na jumuiya ya wahandisi wa IETF, wanaotunga viwango vya intaneti. Kwenye fungu la matawi, kinachopiga kura ni tawi. Tawi la Kenya ni mpiga kura, tawi la Tanzania ni mpiga kura, la Uganda vilevile, nawe sauti yako inapita kwa viongozi wa tawi uliowachagua. Kwa hiyo uchaguzi mdogo wa tawi, ule unaofanyika jioni watu wakiwa na haraka ya kuwahi daladala, ndio mlango wako pekee wa kuifikia bodi inayoshika hatima ya .org. Ukiudharau, umeidharau bodi.

Vyama vingine vina mpangilio tofauti. AFRINIC, shirika la Mauritius linalogawa anwani za intaneti kwa bara letu, lina wanachama ambao ni taasisi: kampuni za simu, watoa huduma, vyuo vikuu. Huko wewe binafsi huna kura, ila huenda mwajiri wako anayo, na mtu aliyeandikwa kama mwakilishi wake aliacha kazi miaka mitatu iliyopita. Nominet ya Uingereza, inayosimamia .uk, hupima uzito wa kura kwa idadi ya majina ambayo mwanachama ameyaandikisha, kwa hiyo hesabu ya vichwa peke yake haikuambii nani atashinda. Hakuna mwongozo utakaokuondolea kazi ya kusoma katiba ya chama chako.

Kuingia daftarini, hatua kwa hatua

1. Omba katiba ya tawi kwa katibu, kwa maandishi. Tafuta mambo manne: nani ni mwanachama mwenye kura, daftari hufungwa siku ngapi kabla ya uchaguzi, akidi ni watu wangapi, na kama mtu anaweza kumpigia mwenzake kura. Katibu asipoitoa katiba, umeshajifunza jambo la kwanza kuhusu uongozi uliopo.

2. Jisajili kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho chako, na kwa barua pepe yako binafsi. Barua pepe ya kazini ni mtego: ukihama kazi, kura yako inabaki kwa mwajiri wa zamani.

3. Baada ya kujaza fomu, subiri ujumbe wa uthibitisho na uubonyeze. Usipouona kwenye kikasha, upekue kwenye barua taka. Hatua hii ndogo ni ndugu wa ile bahasha ya mwaka 2000, na inaangusha watu kwa namna ileile.

4. Hakikisha umejiunga na tawi, maana unaweza kuwa mwanachama wa ISOC duniani bila kuwa wa tawi lolote. Kama tawi lina daftari lake la ziada, jaza na hilo.

5. Kama kuna ada, ilipe mwenyewe kutoka kwenye simu yako na utunze ujumbe wa muamala. Risiti yenye jina la mtu mwingine ndiyo pingamizi la kwanza utakalowekewa.

6. Siku daftari linapotangazwa, tafuta jina lako. Likikosekana au limekosewa, andika pingamizi siku hiyohiyo na uombe jibu la maandishi. Anayelikumbuka daftari siku ya kura hasaidiki.

Kuandikisha wengine bila kuleta mamluki

Sasa tufike penye ugomvi. Mwanachama anayepita huku na huko kuandikisha watu kabla ya uchaguzi hutazamwa kwa jicho baya, na kwa sababu inayoeleweka. Siasa zetu zimetufundisha maana ya kadi za chama kulipiwa kwa jumla na watu kubebwa kwenye malori. Kwa hiyo wengine wanahitimisha kwamba kuandikisha wanachama karibu na uchaguzi ni hila, basi. Sikubaliani nao. Chama kisichoongeza wanachama kinazeeka na wale wanane walewale, na uchaguzi ndicho kipindi pekee ambacho mtu wa nje ana sababu ya kuuliza chama hiki kinafanya nini. Tofauti kati ya kuandikisha kwa halali na kuteka chama inategemea kama aliyeandikishwa anajua anaingia wapi na kama atabaki.

Mfano wa karibuni unatoka New Zealand. InternetNZ, chama kilichozaliwa mwaka 1995 kwa jina la Internet Society of New Zealand, ndicho kinachosimamia majina ya .nz. Mapema mwaka 2025, uongozi ulipopendekeza katiba mpya iliyoupa nafasi kubwa Mkataba wa Waitangi, ule wa Wamaori na ufalme wa Uingereza, kikundi kiitwacho Free Speech Union kiliwahimiza wafuasi wake wajiunge ili kuipinga. Chama kilichokuwa na wanachama wa kuhesabika kwa mamia kikajikuta na maelfu. Waliokuwemo walisema wamevamiwa. Waliokuja walisema wametumia haki iliyoandikwa kwenye katiba ya chama. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli, ila upande wa kwanza ulikuwa na swali gumu la kujibu: kwa nini chombo kinachoshika majina ya nchi nzima kiliridhika kwa miaka mingi kuwa na wanachama wa kujaza ukumbi mmoja? Milango ya chama ilikuwa wazi kwa kila mtu. Aliyepita kwa wingi ni yule aliyekuwa na hasira.

Dawa inayopendekezwa haraka ni kupandisha ada. Nadhani ni dawa mbaya. Mwenye nia ya kuteka chama ana fedha, na ada ya shilingi 50,000 haimzuii. Inamzuia mwanafunzi wa chuo kule Dodoma anayejua mtandao kuliko nusu ya kamati. Dawa bora ni muda na ushiriki. Muda maana yake mwanachama mpya anaruhusiwa kila kitu tangu siku ya kwanza ila kura, ambayo anaipata baada ya miezi kadhaa iliyotajwa kwenye katiba. Ushiriki ndio njia ya watu wa Wikipedia: kuwachagua wadhamini wa Wikimedia Foundation, mhariri hutakiwa awe amefanya hariri 300, na angalau 20 kati ya hizo ziwe za miezi sita ya karibuni kabla ya uchaguzi. Hakuna anayelipa senti. Mamluki anaweza kupenya hata hapo, lakini itabidi kwanza aisaidie Wikipedia mara 300, na mvamizi wa aina hiyo sijui nani atamkataa.

Kuna anayeuliza: je, si rahisi kwa uongozi uliopo kutumia masharti haya kujilinda? Ni rahisi sana. Kamati inaweza kutunga sharti la miezi 12 wiki mbili kabla ya uchaguzi na kuwafungia nje wote wanaoipinga. Kwa sababu hiyo sharti lolote la uanachama lipitishwe na mkutano mkuu na lianze kufanya kazi kwenye uchaguzi unaofuata, kamwe lisiguse ule uliokwisha kuitishwa. Ukiona kamati yako inabadili sifa za mpiga kura wakati wagombea wameshajulikana, hilo ndilo la kupigia kelele, kabla hujagusa jambo lingine lolote.

Kazi yenyewe ya kuandikisha ianze mapema, miezi sita kwa uchache. Nenda waliko watu wanaoguswa na maamuzi ya chama: madarasa ya kompyuta vyuoni, vikundi vya wamiliki wa vibanda vya intaneti, redio za jamii, mashirika ya watu wenye ulemavu ambao tovuti za serikali huwafungia nje, mafundi simu wa Kariakoo. Usiwaambie "njoo unipigie kura". Waambie jambo moja ambalo chama kinalishughulikia na linawagusa: bei ya jina la tovuti, kuzimwa kwa mtandao, masafa ya mtandao wa kijiji. Anayeingia kwa ajili ya jambo atabaki ukishindwa. Anayeingia kwa ajili yako ataondoka hata ukishinda.

Halafu mfuatilie. Hesabu za mwaka 2000 zinakwambia utapoteza nusu ya watu kati ya fomu na uthibitisho usipofanya lolote, na tiba yake haihitaji utaalamu: siku ya tatu mpigie simu, muulize "ule ujumbe umeuona?", na kama hajauona kaa naye kwenye simu hadi aupate. Dakika tano za namna hii zina faida kuliko mabango.

> Kabla ya kumwandikisha mtu, jiulize
> – Ameijaza fomu mwenyewe, kwa simu yake na barua pepe yake?
> – Anaweza kueleza kwa sentensi moja chama kinafanya nini?
> – Umemwambia tarehe atakayopata haki ya kupiga kura?
> – Umemwambia taarifa zake zitatunzwa na nani?
> – Angejiunga hata kama wewe si mgombea?

Swali la taarifa si la kupamba. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Karatasi ya majina, namba za simu na namba za vitambulisho uliyoizungusha kwenye semina kisha ukaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp inaweza kukupeleka kubaya, na chama cha intaneti kinachovujisha data za wanachama wake kitakuwa kichekesho. Kusanya kinachohitajika tu, na orodha ya chama isitumike kwa kampeni ya mtu mmoja. Ama ile "soda ya wanachama" ambayo mgombea huigawa siku ya kura, Mahakama Kuu ya Tanzania iliifuta takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2006. Hukumu ile ilihusu uchaguzi wa kitaifa, lakini mantiki yake haibadiliki kwa sababu chama ni kidogo. Chai ya mkutano inunuliwe na chama.

Kura yenyewe

Watu wa intaneti wana udhaifu wa kuamini kwamba mfumo mzuri wa kompyuta utamaliza ugomvi. Mfumo huhesabu kura. Haujui kama mwenye barua pepe ile ni mtu au ni mpiga kura hewa. Daftari likiwa bovu, programu bora duniani itakuletea jibu bovu kwa haraka na kwa uhakika. Hata hivyo chombo cha kupigia kura kina maana yake. Kura ya maoni ya WhatsApp inaonyesha nani kachagua nini, kwa hiyo haina siri. Fomu ya Google iliyosambazwa kwa kiungo kimoja inaweza kujazwa mara kumi na mtu mmoja. Ukiilazimisha ikusanye barua pepe ili kuzuia hilo, umeua siri. Tumia mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya uchaguzi, unaompa kila aliye daftarini kiungo chake na kutenganisha jina na kura. Ipo mifumo ya bure, Helios ukiwa mmojawapo.

Na funguo za mfumo huo zisiwe za mtu mmoja, wala zisihitaji watu wote kwa pamoja. Mwaka 2025 IACR, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa usimbaji, ilifanya uchaguzi wake kwa Helios. Ufunguo wa kufungulia matokeo uligawanywa kwa wadhamini watatu, na ilibidi sehemu zote tatu zipatikane. Mmoja akapoteza sehemu yake. Mabingwa wa siri duniani wakabaki na kura walizoshindwa kuzifungua, wakaufuta uchaguzi na kuurudia, safari hii kwa utaratibu wa wawili kati ya watatu. Tawi lenu likiwa na wasimamizi watatu, pangeni hivyohivyo.

Sehemu ninayoomba uisome mara mbili inahusu kupigiana kura. Uchaguzi wa bodi ya AFRINIC wa Juni 2025 ulikuwa wa kuirudishia uhai taasisi iliyokuwa chini ya msimamizi wa mahakama tangu 2023. Ulisimamishwa kura zikiwa zinapigwa kwa sababu ya mzozo juu ya hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayompa mtu mamlaka ya kupiga kura kwa niaba ya mwanachama. Yalitolewa malalamiko ya mashirika kutumika majina yao bila wao kujua. Uchaguzi ulifutwa, ukarudiwa Septemba. Bara zima lilisubiri miezi mingine kwa sababu ya karatasi. Utetezi wa hati hizi unajulikana: wanachama wako mbali, nauli ni ghali, si haki kuwanyima kura. Ulikuwa utetezi mzuri enzi za kura za ukumbini. Mwanachama anayeweza kutuma hati kwa barua pepe anaweza pia kupiga kura mwenyewe kwa barua pepe hiyohiyo, na katiba nyingi bado zina kifungu cha uwakilishi kwa mazoea tu. Kama katiba yenu inacho, pendekezeni kifutwe. Kabla ya hapo, wekeni kikomo: mtu mmoja asibebe zaidi ya hati moja, na msimamizi ampigie simu kila aliyeitoa.

Kwako wewe mpiga kura, yaliyobaki ni machache. Kiungo cha kura kikifika, angalia anwani iliyokituma kabla ya kukibonyeza, kwa sababu msimu wa uchaguzi ni msimu wa viungo bandia. Piga kura siku ya kwanza. Siku ya mwisho umeme hukatika, bando huisha, na msimamizi hapokei simu. Usimpe mtu kiungo chako "akusaidie". Picha ya skrini ya kura yako usimtumie mtu, hata mgombea unayempenda, maana akizoea kuzipokea kwa hiari atakuja kuzidai.

Baada ya kutangazwa

Matokeo yatangazwe kwa namba nne: waliokuwa daftarini, waliopiga kura, kura za kila mgombea, na kura zilizoharibika. Tangazo la "ameshinda kwa kishindo" bila namba hizo lirudishwe. Kama akidi haikutimia, usikubali kauli ya "tuendelee tu kwa busara", kwani uongozi uliopita kwa busara hiyo utapingwa siku utakapochukua uamuzi mgumu wa kwanza.

Mshindi akishapatikana, kuna kazi ambayo matawi mengi huisahau. Ndani ya siku 14 uongozi wa zamani ukabidhi, kwa orodha iliyosainiwa: daftari lenyewe na historia ya mabadiliko yake, nenosiri la barua pepe ya tawi, umiliki wa kurasa za mitandao ya kijamii, laini ya simu iliyosajiliwa kupokea ada, watia saini wa benki, na jina la tovuti. Jina la tovuti liangalie kwanza. Mara nyingi limeandikishwa kwa jina la kijana aliyelinunua miaka sita iliyopita kwa kadi yake, taarifa za kulihuisha zinakwenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena, na tarehe ya mwisho ya kulipia ni mwezi ujao.